MTOTO KUZALIWA MFU: JAMBO HILI NI LA CHAMA PIA

(Hotuba ya Mwandishi wa Halmashauri ya Wanawake mbele ya mkutano mkuu wa tawi. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo lisilotajwa katika mikutano yetu. Tumezoea kusema juu ya mshahara, nyumba, saa za kazi na pensheni. Leo nataka kusema juu ya watoto wanaokufa tumboni katika miezi ya mwisho ya mimba, au wakati mama yumo katika uchungu. Najua wako watakaonong'ona ya kwamba hilo ni jambo la wanawake, au ni shauri la Mungu, na mahali pake ni hospitali wala si chama. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mkate shauri wenyewe.

Kwanza tuitazame hesabu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa humhesabu mtoto kuwa amezaliwa mfu ikiwa mimba imefika majuma 28 au zaidi, naye akatoka bila uhai. Katika mwaka wa 2023 watoto wa namna hiyo walikuwa karibu milioni 1.9 katika dunia nzima. Gawanyeni kwa siku, mtapata zaidi ya 5,000 kila siku. Katika muda nitakaosimama hapa kusema nanyi, watakufa wengine zaidi ya 50. Na karibu nusu ya wote ni wa Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, yaani ni watoto wetu sisi.

Sasa lile neno la kwamba ni shauri la Mungu. Mimi simpingi mtu imani yake. Lakini wataalamu walichunguza sababu za vifo hivi, na uchunguzi wao ukatangazwa mwaka wa 2016. Waliona ya kwamba watoto waliokufa kwa sababu ya kuumbwa na kasoro ni karibu 7 tu katika kila 100. Waliobaki wengi walikufa kwa mambo yanayojulikana: malaria, kaswende, presha ya mama, kisukari, mtoto kutokua vizuri tumboni, mimba kupita siku zake, na uchungu uliochukua muda mrefu bila msaada. Tena zaidi ya 4 katika kila 10 walikufa baada ya uchungu kuanza. Hao walikuwa hai mama alipofunga kanga yake kwenda hospitali.

Ndugu zangu, mambo hayo yana dawa, na nyingi katika hizo ni za bei ndogo. Acheni niwaonyeshe machache yaliyojaribiwa na kuhakikishwa, ili mtu asiseme tunapiga domo tu.

La kwanza ni kaswende. Mama anaweza kuwa nayo bila kuona dalili yoyote, na mtoto akafa tumboni. Dawa yake ni sindano ya penisilini, dawa ya zamani sana. Na hapa hatuna haja ya kutafuta mfano katika nchi za mbali. Miaka ya mwanzo ya 1990 katika kliniki za Baraza la Mji wa Nairobi, desturi ya kupeleka damu mbali na kungoja majibu ilibadilishwa. Nasi akapima damu pale pale kliniki, na mama akatibiwa siku ile ile. Wanawake zaidi ya 13,000 walipita katika kliniki hizo, na karibu wote walipimwa. Katika kila 100 walioonekana na ugonjwa, 87 walitibiwa, na nusu ya waume zao walitibiwa pia. Baadaye hesabu za hospitali ya Pumwani zilionyesha ya kwamba mama aliyetibiwa mapema alikuwa na matumaini makubwa zaidi ya kuzaa mtoto mzima kuliko yule ambaye hakutibiwa. Siku hizi kipimo ni tone moja la damu kidoleni, na jibu hupatikana mama akiwa bado amekaa kwenye benchi.

Lakini angalieni maneno yale: nusu ya waume. Nusu ya pili walikuwa wapi? Mwanamume asiyekwenda kutibiwa humrudishia mkewe ugonjwa ule ule, na sindano ya mama inakuwa kazi bure. Waume mlio hapa, hilo ni lenu.

La pili ni malaria. Kwa ndugu zetu wa pwani na wa kando ya Ziwa, malaria hukaa katika kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, hata kama mama hasikii homa kali. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanywa katika Afrika, na moja lilikuwa hapa kwetu Asembo, yalionyesha ya kwamba katika mimba za kwanza kwanza, hasara ya mimba kuharibika na watoto kufa tumboni ilipungua kwa karibu theluthi moja. Chandarua kimoja tu! Pamoja na hicho ziko tembe za kuzuia malaria ambazo mama hupewa kliniki katika sehemu hizo, tangu mwezi wa nne wa mimba, kila baada ya mwezi mmoja au zaidi.

La tatu ni presha. Presha ya mimba ikipanda haipigi hodi. Wakati mama anapoumwa kichwa kwa nguvu, anaona giza na kuvimba uso, mambo yameharibika tayari, na kifafa cha mimba kiko karibu. Dawa ya kuzuia kifafa hicho iko, ni ile ya magnesi, na jaribio kubwa la nchi 33 lililotangazwa mwaka wa 2002 lilithibitisha ya kwamba hupunguza hatari yake kwa nusu. Lakini ili nasi ajue ni nani wa kupewa dawa na ni nani wa kuzalishwa mapema, ni lazima kwanza ampime, na ampime mara kwa mara.

Maneno haya, mara kwa mara, ndiyo yanayonileta kwenye jambo la chama. Zamani kidogo Shirika la Afya Ulimwenguni lilikuwa likisema ya kwamba ziara nne za kliniki zatosha kwa mama asiye na taabu. Kisha wataalamu wakairudia hesabu ya jaribio lao wenyewe lililofanywa katika nchi nne, wakaona ya kwamba waliokwenda mara chache walipoteza watoto zaidi, hasa kati ya juma la 32 na la 36. Hawakuona haya kuligeuza shauri. Mwaka wa 2016 wakatangaza ya kwamba mama aonwe mara nane, na ya kwamba tofauti kati ya mara nne na mara nane yaweza kuokoa mpaka watoto 8 katika kila 1,000. Hivyo ndivyo elimu ya kweli ilivyo: hutazama matokeo, haishikilii desturi kwa kuwa ni desturi.

Sasa andikeni tarehe za hizo ziara nane. Ya kwanza ni kabla ya juma la 12 kupita. Halafu juma la 20, la 26, la 30, la 34, la 36, la 38 na la 40. Hesabuni. Ziara tano katika hizo nane ni za majuma kumi ya mwisho. Na mfanya kazi wetu wa kike yuko wapi katika majuma hayo? Yuko kazini! Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 inampa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, naye kwa akili njema huiweka likizo ile ili akae na mtoto baada ya kuzaa. Basi anafanya kazi mpaka siku za mwisho. Ikiwa ni mchuma chai anayelipwa kwa kilo, siku asiyochuma ni siku asiyolipwa. Ikiwa ni kibarua wa siku, akikosa siku mbili atamkuta mwingine mahali pake. Ikiwa yuko kwenye mashine, nyapara atamwuliza, "Juzi ulikwenda, leo tena unakwenda?"

Kwa hivyo mama huacha kwenda kliniki, na si kwa ujinga. Anajua vizuri faida yake. Amepiga hesabu ya kodi ya nyumba na unga, akaona hawezi. Penisilini iko, tembe ziko, kipimo cha presha kiko, lakini yeye hayuko pale vilipo. Hapo ndipo jambo la hospitali linapogeuka kuwa jambo la mkataba wa kazi.

Wala si wazo jipya. Mkunga anapoweka kile chombo kama tarumbeta juu ya tumbo ili asikilize moyo wa mtoto, anatumia chombo kinachoitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Adolphe Pinard. Daktari huyo huyo, mwaka wa 1895, aliwapima watoto waliozaliwa na wanawake maskini wa Paris. Akaona ya kwamba watoto wa wanawake waliopumzika mwisho wa mimba walikuwa wazito zaidi, kwa gramu 200 na zaidi, kuliko watoto wa wale waliofanya kazi mpaka siku ya kuzaa. Akawaambia wakubwa wa nchi yake ya kwamba mapumziko ya mama ni sehemu ya matibabu. Mwaka wa 1909 Ufaransa ikafanya sheria ya kumlinda mwanamke asipoteze kazi yake kwa ajili ya kuzaa. Na mwaka wa 1919, Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipofanya mkutano wake wa kwanza, mkataba mmoja katika ile ya kwanza ulikuwa wa kuwalinda wafanya kazi waja wazito. Basi tangu mwanzo jambo hili lilikuwa letu.

Nimesema ya kwamba wengi hufa wakati wa uchungu. Hapo shauri ni la mkunga. Katika uchungu mkali moyo wa mtoto hupasa kusikilizwa walau kila nusu saa, na mama anaposukuma, kila dakika tano. Moyo ukianza kulegea, mama asaidiwe upesi au apasuliwe. Kazi hii haitaki mashine kubwa. Inataka masikio, saa, na mtu mwenye nafasi ya kusikiliza. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ni mfano. Wakunga na madaktari wa pale, pamoja na wataalamu waliokuwa nao, walitunga kijitabu kidogo cha kuongoza kazi ya kuzalisha, kilichofuata hali yao wenyewe na uchache wao, si hali ya hospitali za Ulaya. Wakakisoma pamoja katika mafunzo mafupi mafupi. Mwisho wa mwaka wa 2014 watoto waliozaliwa wafu pale walikuwa 59 katika kila 1,000. Mwaka mmoja baadaye walikuwa 39. Hakuna jengo jipya lililojengwa. Watu wale wale walipewa mwongozo unaofaa na heshima ya kuulizwa maoni yao.

Basi mtu asikimbilie kumtukana mkunga. Mkunga ni mfanya kazi kama sisi. Mmoja akiachiwa wanawake watano au sita wenye uchungu usiku kucha, hawezi kusikiliza mioyo sita kila nusu saa, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Anapodai wenzake waongezwe na mshahara ulipwe kwa wakati, anadai pia uhai wa watoto wetu. Katika nchi hii sasa karibu kina mama 9 katika kila 10 huzaa mbele ya mtaalamu, na uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2022 umelishuhudia hilo. Ni ushindi mkubwa. Lakini kufika hospitali si mwisho wa safari. Lililobaki ni kwamba akifika amkute mtu, na mtu huyo awe na nafasi ya kumtazama.

Sasa, wanachama, yako mambo tunayoweza kuyafanya wenyewe nyumbani, na yako ya kuyapeleka mbele ya wenye kazi.

Ya nyumbani ni haya. Mimba ikijulikana tu, mama aende kliniki, asingoje tumbo lionekane. Mume aende naye, naye apimwe. Mama alale chini ya chandarua. Tangu mwezi wa saba alale kwa ubavu, asilale chali. Mtoto akiacha kucheza kama alivyozoea, asingoje kesho, aende siku hiyo hiyo asikilizwe. Vilevile akitoka damu, akivuja maji, akipata homa, kichwa kikali au kuvimba uso na mikono. Na siku zikipita juma la 41, asikae nyumbani akisema mtoto atakuja apendapo. Huko Sweden madaktari walilinganisha wanawake walioanzishiwa uchungu katika juma la 41 na wale waliongojewa mpaka la 42. Mwaka wa 2018 walilisimamisha jaribio kabla halijaisha, kwa sababu watoto sita wa waliongojewa walikuwa wamekufa, na wa kundi la kwanza hakufa hata mmoja.

Tena fedha. Mnamo Juni 2013 serikali ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali zake, na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yamo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile SHA. Mshahara wenu unakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100. Hakikisheni mmeandikishwa, na mke ameandikwa, kabla ya uchungu kuanza. Na mwangalie kama tajiri anazipeleka pesa anazokata. Akikata bila kupeleka, leteni karatasi za mshahara kwa mwakilishi wa chama.

Ya kupeleka kwa wenye kazi, halmashauri yetu imeyaandika, nayo ni sita. Moja, ruhusa ya kliniki mara nane kwa kila mja mzito, bila kukatwa mshahara, na kwa anayelipwa kwa kilo alipwe wastani wa siku zake. Mbili, vibarua waingie katika shauri hilo, maana mtoto wa kibarua hafi kidogo. Tatu, mja mzito aondolewe penye kunyunyiza dawa za mimea, penye moshi, penye risasi na penye kubeba mizigo, apewe kazi nyepesi kwa mshahara ule ule. Nne, mahali pa kazi palipo mbali na hospitali pawe na gari la usiku, na dereva ajulikane kwa jina. Tano, baba apewe majuma yake mawili ambayo sheria imempa tayari, bila kutafutiwa visingizio. Na mtu yeyote akifukuzwa kwa ajili ya mimba aje mbio, kwa kuwa sheria haikubali mimba iwe sababu ya kumwachisha mtu kazi.

La sita ni la mama aliyepatwa na msiba wenyewe. Amebeba mimba, ameshikwa na uchungu, amezaa, maziwa yanamtoka, na mikono yake mitupu. Mahali pengi huulizwa, "Kama hakuna mtoto, likizo ya nini?" Sisi tunataka mkataba useme waziwazi ya kwamba likizo yake ni kamili kama ya mama mwingine, na ya baba pia. Mwili uliozaa haujui kwamba kitanda ni kitupu.

Na hapo nina neno kwetu sisi wenyewe, si kwa tajiri. Mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa haraka, bila matanga, na mama huambiwa anyamaze, atapata mwingine. Wengine husema ana mkosi, au alikosana na wakwe. Nimewaeleza sababu: malaria, presha, uchungu usioangaliwa. Hakuna hata moja iliyo mkosi. Chama kinapotoa rambirambi kwa mwanachama aliyefiwa, na mtoto huyu ahesabiwe katika waliofariki. Asiyehesabiwa hatafutiwi dawa.

Mataifa yamekubaliana ya kwamba kufikia mwaka wa 2030 kila nchi iwe imeshuka mpaka watoto 12 au chini katika kila 1,000. Dunia nzima katika mwaka wa 2023 ilikuwa karibu 14. Tangu mwaka wa 2000 kiwango kimeshuka kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hivyo kazi hii yawezekana. Lakini nchi zilizo nyuma ni zile ambazo mama hana nafasi ya kwenda kliniki na mkunga hana nafasi ya kusikiliza. Nafasi hiyo, ndugu zangu, ni saa za kazi, na saa za kazi ndizo zilizotufanya tukaanzisha chama.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo haya sita yapigiwe kura leo, ili wajumbe wetu waende nayo mezani katika mazungumzo ya mkataba mpya. Na kila mwakilishi akirudi idarani kwake, awaulize waja wazito walioko: tarehe yako ya kliniki ni lini, na nani amekupa ruhusa? Majibu yaletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.

 Umoja ni nguvu.